Nani alimuua Rosie Larsen, na mbona hamkutuambia? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu fainali ya The Killing

Kila nikimpa mtu hii tamthilia, baada ya wiki mbili hivi napigiwa simu usiku, sio salamu sio nini, ni lawama moja kwa moja. Kwa hiyo nimekaa chini nimeandika majibu yote sehemu moja, mtu akinipigia namtumia hii afu narudi kulala. Maswali nimeyapanga vile yanavyokujaga. Kama hujaiangalia ishia swali la kwanza, maana kuanzia la pili natoboa mambo, na jina la muuaji liko huko chini, nitakupa tahadhari kabla hujalifikia.

The Killing ndo ipi hiyo? Naona ziko nyingi

Ile ya Marekani ya chaneli ya AMC, iliyoanza tarehe 3 Aprili 2011. Aliyeisimamia ni mama mmoja anaitwa Veena Sud, na aliitoa kwenye tamthilia ya Denmark inayoitwa Forbrydelsen ya mwaka 2007. Msichana wa sekondari, Rosie Larsen, anakutwa amekufa ndani ya buti la gari lililozama ziwani huko Seattle, na gari lenyewe ni la kampeni ya diwani anayegombea umeya. Wapelelezi ni wawili, Sarah Linden (Mireille Enos), mama asiyecheka na sweta lake, na Stephen Holder (Joel Kinnaman), jamaa wa kofia ya hudi ambaye ukimuona mtaani unashika mfuko wa simu. Kila episodi ni siku moja ya upelelezi, sizoni ina episodi 13, yani siku 13. Na mvua. Mvua mwanzo mwisho, waliirekodi Vancouver kule Canada, mpaka unaanza kujisikia kwamba nguo zako ulizoanika nje zimelowa.

Kwani kwenye fainali kulitokea nini hasa?

Ilionyeshwa Jumapili tarehe 19 Juni 2011, inaitwa Orpheus Descending. Episodi iliyotangulia, ya 12, ilikuwa imeisha vizuri mno, Linden yuko peke yake nyumbani kwa diwani Darren Richmond, anatuma barua pepe kwa mtu wa siri anayejiita Orpheus, mara kompyuta ya Richmond hapo hapo ndani inalia. Ting. Mimi nilisimama. Niliangalia peke yangu sebuleni na nilisimama kabisa kama mtu kafunga goli.

Sasa fainali yenyewe, siku ya 13, wanamkamata Richmond, na ushahidi mkubwa ni picha ya kamera ya daraja inayomuonyesha akiendesha lile gari usiku ule. Familia inaambiwa tumempata. Linden hatimaye anapanda ndege na mwanae kwenda kwa mchumba wake California, safari ambayo alikuwa anaiahirisha toka episodi ya kwanza, na we mtazamaji unavuta pumzi, haya, imeisha. Ndege haijaondoka anapigiwa simu, anaambiwa kamera za lile daraja zilikuwa mbovu, hakuna picha yoyote iliyopigwa usiku ule. Picha ya kughushi. Tunahamia kwa Holder, anaingia kwenye gari la mtu tusiyemjua anamwambia picha imefanya kazi. Tunahamia kwa Richmond anatolewa na polisi katikati ya watu, na Belko, yule rafiki mtiifu wa familia ya marehemu, anamsogelea na bastola. Giza. Majina ya waigizaji yanapanda.

Basi. Hiyo ndo fainali.

Sasa hasira zote zile za nini? Si ni "itaendelea" tu kama zingine?

Hili ndo swali lenyewe, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Sisi "itaendelea" tunaijua, tumekulia humo. Hadithi za kwenye magazeti ya mtaani zilikuwa zinakufikisha pale jamaa ameshika kitasa cha mlango, anasikia sauti ya mkewe ndani na mwanaume, "itaendelea toleo lijalo", unanuna dakika mbili, wiki inayofuata unanunua tena. Hakuna aliyewahi kuchana gazeti. Kwa nini? Kwa sababu gazeti lilikuwa halikudanganyi. Unajua kabisa hii ni sehemu ya 14 na huyu bwana mwandishi ana watoto wanasoma, hamalizi leo.

The Killing waliiuza tofauti. Iliuzwa kwa swali moja tu, Nani alimuua Rosie Larsen, ndo lilikuwa kwenye mabango, ndo lilikuwa kwenye matangazo, hakuna lingine. Watu wakaja kwa ajili ya hilo swali Jumapili 12 mfululizo. Afu tamthilia za mauaji zina desturi yake ambayo hakuna haja ya kuiandika popote, ni kama paukwa pakawa, ukishaitikia "pakawa" umeshakubaliana na bibi kwamba hadithi itafika mwisho kabla hujalala. Bibi akinyanyuka katikati akasema nendeni mkalale muuaji nitawaambia mwakani, aisee.

Ila hata hapo mi naona watu wangeguna tu wakalala. Kilichowasha moto ni kwamba jibu *walipewa*. Waliwekewa mkononi kabisa, Richmond huyu hapa, pingu hizi hapa, mama wa marehemu keshaambiwa. Na zikiwa zimebaki dakika chache jibu likanyang'anywa. Ni kama umezungushwa ofisi fulani, njoo kesho, njoo kesho kutwa, siku ya 13 karani anakupa karatasi imegongwa muhuri, unashukuru, unafika getini anakukimbilia, "samahani mzee, lete hiyo, muhuri ule ulikuwa wa bandia". Hapo hata mtu mpole anarudi ndani kugonga meza.

Kwa hiyo tatizo ni kwamba ilikuwa inaenda polepole na watu hawana subira?

Hapana, na hapa ndo huwa nabishana na watu mpaka chai inapoa. Waliokasirika ndo wale wenye subira! Wasio na subira walishaondoka zao episodi ya 4 wakaenda kuangalia mambo mengine. Waliobaki mpaka tarehe 19 Juni ni watu ambao walikaa na ile familia siku 13 nzima.

Na kule kukaa ndo kulikuwa utamu wake. Tamthilia nyingi za upelelezi maiti ni kama fenicha, ipo ili askari wapate pa kusimamia, dakika ya 10 marehemu kashasahaulika hata jina. Hii ilikaa matanga. Mama yake Rosie, Mitch (Michelle Forbes, jamani huyu mama), anajizamisha kwenye beseni la kuogea anabana pumzi ili asikie mwanae alichosikia kule majini. Baba yake, Stan, mwanaume mkubwa mwenye mikono ya kubebea makabati, hajui aifanyie nini hiyo mikono. Wadogo zake wanaamka asubuhi wanataka chai na hakuna mtu mzima aliyekumbuka. Mtu yeyote aliyewahi kukaa chini ya turubai wiki nzima, anasikia watu wanauliza sukari imebaki kiasi gani wakati yeye dunia imemuishia, anaijua hii hali, na huwezi kuionyesha kwa haraka. Haiwezekani.

Mfano mwingine ni episodi ya 11, Missing. Ile haina upelelezi hata chembe. Mtoto wa Linden hapatikani, Linden na Holder wanazunguka kumtafuta siku nzima kwenye gari, wanaongea, wananyamaza, wanakula, Holder anaeleza ya nyuma yake ya unga. Zimebaki episodi mbili tu na hawa wanazunguka na gari! Kuna waliolalamika, lakini wengi ninaowajua wanakuambia ile ndo nzuri kuliko zote, mimi mmojawapo, na shemeji yangu ambaye analala kwenye mechi za saa 4 usiku hakufumba jicho.

Polepole na kuzungushwa ni vitu viwili tofauti. Polepole ni Missing. Kuzungushwa ni yale ya mwalimu Bennet.

Bennet tena kafanyaje?

Hakufanya kitu, ndo maana naongea. Bennet Ahmed ni mwalimu wa Rosie, na kwa episodi kadhaa tamthilia ilikuambia ni yeye, barua alizomwandikia, uongo aliosema, rafiki yake Muhammed, mpaka polisi wa shirikisho wakaingilia. Mwisho wa siku kumbe walikuwa wanamficha na kumlinda binti mdogo wa Kisomali, hawahusiani na Rosie hata kidogo. Na wakati ukweli unajulikana Stan keshampiga Bennet mpaka akapoteza fahamu.

Sasa kama hadithi, hilo la Stan ni zito na liliniuma sana, lina maana. Lakini kama upelelezi ni duara. Ukikaa ukaihesabu utaona mtindo wenyewe, episodi inaisha kamera imemkazia mtu, ni huyu, ni huyu, Jumapili inayofuata dakika ya 10 huyu kasafishwa tunaanza mwingine. Walianza na yule ex wake Rosie mtoto wa tajiri na kile chumba cha chini cha shule, wakaja kwa Bennet, wakaja kwa watu wa kampeni, Richmond mwenyewe alishawahi kushukiwa na kuachwa. Watu walikuwa wanavumilia hii tabia kwa sababu wanajiambia sawa, mwisho upo. Fainali ilipoisha ikawa ni *mshukiwa mwingine tena aliyesafishwa dakika za mwisho*, yani ule ule mchezo wa kila Jumapili, hapo ndo watu wakagundua walikuwa hawapandi ngazi, walikuwa wanazunguka mnazi.

Mi kwa hilo niko upande wao.

Watengenezaji walisema nini? Waliahidi kweli au watu walijiahidi wenyewe?

Veena Sud alijitetea kwamba hawajawahi kusema popote kwamba kesi itaisha sizoni ya kwanza. Na kweli, ukitafuta neno kwa neno huipati hiyo ahadi. Lakini AMC wenyewe, ule ule mwaka, mkuu wao wa vipindi Joel Stillerman alikubali mbele ya waandishi kwamba hawakuwaandaa watazamaji vizuri kwa kile kilichokuwa kinakuja. Sasa kama ahadi haikuwepo hapo anakiri nini? Mwenye duka akiandika ubaoni "leo pilau" afu ukikaa anakuletea menyu, hata kama hakukuapia, umekaa kwa sababu ya pilau.

Jambo la kuchekesha ni kwamba AMC walishatangaza sizoni ya 2 siku chache kabla ya fainali. Yani wao walijua wanarudi. Ingekuwa rahisi sana kusema jamani, hii kesi inaenda sizoni mbili, tulieni. Wangepoteza nini? Wachache wangeondoka, basi.

Na Holder? Mi kilichoniuma ni Holder

Pole, hauko peke yako. Watu wengi hawakulia kwa ajili ya muuaji, walilia kwa ajili ya Holder. Umeshinda naye siku 13, umeanza unamdharau, umekuja kumpenda, ile episodi ya 11 imekumaliza kabisa, dakika ya mwisho unaambiwa ndo yeye kaleta picha feki. Kuna waliosema waandishi wamemuuza ili wapate mshtuko wa sekunde 30 na kwa kweli siwezi kuwapinga sana. Sizoni ya 2 inaanza kwa kumsafisha, inaonekana naye alikuwa ametumika, na ile ya kumsafisha ndo inathibitisha zaidi kwamba mshtuko ulikuwa wa kukopa, maana haukuvuka hata wiki ya kwanza ya sizoni hiyo.

Kuna mtu aliyeipenda hiyo fainali?

Wapo, na sio wajinga. Hoja yao inaenda hivi, kwamba hii tamthilia haikuwa ya muuaji, ilikuwa ya kinachotokea kwa walio hai, na kwa walio hai fainali ilijibu mengi. Mitch anaondoka nyumbani, anawaacha watoto na mume, hajui anaenda wapi, na ile ni scene ya kweli kabisa, msiba unavunja nyumba kuliko ugomvi. Stan anabaki na nyumba aliyoinunua kwa siri. Belko, ambaye hiyo familia ndo kila kitu kwake, anaambiwa muuaji huyu hapa, na anafanya ambacho mtu wa namna yake angefanya. Ukiiangalia hivyo ile picha feki sio mchezo wa waandishi tu, ina gharama, mtu anapigwa risasi kwa sababu ya uongo wa polisi.

Ni hoja nzuri. Tatizo lake ni kwamba kama hukutaka nihesabu samaki ungeniambia tumekuja kuogelea, usinipe ndoano.

Mbona wale wa Denmark hawakugombana na mtu?

Hii naipenda sana kwa sababu inamaliza ubishi wa polepole. Forbrydelsen ya Søren Sveistrup, yenye mpelelezi Sarah Lund (Sofie Gråbøl, lile sweta la Linden asili yake ni hili), sizoni yake ya kwanza ina episodi 20, siku 20, kesi moja. Ndefu kuliko ya Marekani kwa episodi 7 nzima! Na ilipotoka 2007 haikuonyeshwa mfululizo, waligawa mara mbili, nusu mwanzoni mwa mwaka na nusu nyingine ilikuja vuli ile. Wadenishi walikaa miezi katikati hawajui nani kamuua Nanna Birk Larsen, na walirudi wote kama watu wanaorudi kumalizia harusi. Kwa sababu walijua ni hadithi moja imekatwa katikati kwa mapumziko, na mwisho wa episodi ya 20 muuaji alitajwa kweli. Waingereza nao waliipata kupitia BBC Four mapema 2011, Kidenishi na maandishi chini, wakaipenda vile vile.

Urefu haukumkera mtu. Kungoja hakukumkera mtu.

Hii imeshawahi kutokea kabla?

Ndiyo, na mara moja ni jimbo lile lile la Washington, sijui kuna nini kule. Twin Peaks, 1990, swali lilikuwa nani alimuua Laura Palmer, ikaanza Aprili, sizoni ya kwanza ikaisha tarehe 23 Mei bila jibu, watu wakanuna, jibu likaja Novemba mwaka ule ule na mwaka 1991 ikafutwa. Yani AMC walikuwa na mfano uko mezani wenye miaka 21.

Nyingine inayotajwa sana ni The Sopranos, ile ya bosi wa mafia Tony Soprano, fainali yake tarehe 10 Juni 2007, familia iko mgahawani, mlango unafunguliwa, Tony ananyanyua uso, skrini nyeusi. Wamarekani wengi walidhani kebo imekatika wakaanza kupiga simu na kugonga TV. Mi kwa hilo niliwacheka, maana kwetu ingetokea vile ungesikia mtaa mzima "aaaah!" na mtu keshatoka nje kuuliza jirani kwenu upo, au ni luku yangu imeisha. Ila ile ni tofauti na hii. Pale hakuna aliyekuwa ameahidiwa jibu lolote kwa mabango, na miaka inavyoenda watu wamezidi kuiheshimu. Fainali ya The Killing haijapata hiyo bahati.

Hasira ziliishia mtandaoni au zilifanya kitu?

Zilifanya. Usiku ule ule Twitter iliwaka, na wachambuzi wakubwa wa TV wa Marekani, ambao wengine mwezi Aprili walikuwa wameisifia hii tamthilia kama dhahabu, waliandika kwa namna ambayo unaona kabisa mtu anaandika amesimama. Wengine walitangaza hawarudi tena. Ilipoanza Aprili 2011 ilikuwa na watazamaji kama milioni 2.7. Sizoni ya 2 ilipofunguliwa tarehe 1 Aprili 2012, siku ya wajinga, sijui nani aliipanga hiyo, walikuja kama milioni 1.8. Na hapo walikuwa wameshatangaziwa wazi kwamba safari hii muuaji atajulikana mwisho wa sizoni, hakuna longolongo.

Julai 2012 AMC wakaifuta. Afu wakairudisha, sizoni ya 3 ikaja katikati ya 2013. Wakaifuta tena. Netflix wakaiokota wakatoa episodi 6 za mwisho tarehe 1 Agosti 2014. Kwa hiyo imekufa mara mbili na kufufuka mara mbili, kitu ambacho Rosie hakupata.

Na tusisahau, katikati ya matusi yote yale Julai 2011 Mireille Enos na Michelle Forbes wote walitajwa kugombea Emmy, tuzo kubwa za TV za Marekani, Veena Sud akatajwa kwa uandishi wa episodi ya kwanza na Patty Jenkins kwa kuiongoza. Walichokifanya kilionekana. Ndo maana watu waliumia, kitu kibovu hakimuumizi mtu hivyo, unabadilisha tu chaneli.

Haya, niambie tu. Nani alimuua?

TAHADHARI, ruka hili swali kama bado unataka kuangalia. Nasema tena ruka.

Jibu lilikuja tarehe 17 Juni 2012, karibu mwaka mzima kamili baadaye, mwisho wa sizoni ya 2, siku ya 26. Rosie alikuwa kwenye kasino usiku akasikia mazungumzo ya siri ya siasa ambayo hakutakiwa kusikia. Jamie Wright, yule kijana meneja wa kampeni wa Richmond, ndo alimpiga na kumuingiza kwenye buti. Lakini aliyelipeleka gari ziwani ni Terry, mama yake mdogo Rosie, mdogo wake Mitch kabisa, aliyekuwa anawapikia watoto msiba mzima. Alikuwa na mapenzi na tajiri mmoja aliyekuwa kwenye ile njama, anataka mambo yaishe waondoke pamoja, na hakujua nani yuko ndani ya buti. Alisikia mtu anapiga kelele mle na akaliachia gari liende.

Nakuambia ukweli, ni jibu zito. Nililiangalia saa 8 usiku na nikakaa pale na TV imezimwa. Na ndo linalonikera zaidi, kwamba walikuwa na jibu la namna hii na nusu ya watu hawakuwepo kulipokea, walikuwa wameshaondoka na hasira zao.

Afu ile kasino. Unajua inaitwaje? Wapi Eagle. Kule ni jina tu la kasino ya wenyeji asilia, hawajui kitu. Lakini sisi watatu tuliokuwa tunaangalia, kila bango likitokea, WAPI, tunaitikia kwa sauti, "hata sisi tunauliza!"

Nikiiangalia leo mfululizo nitakasirika kama wao?

Hapana, na hii ndo sababu vijana wanaoiangalia sasa wanashangaa zogo lilikuwa la nini. Fainali ya sizoni ya kwanza ikiisha saa 5 usiku, saa 5 na dakika moja uko sizoni ya 2. Ile ngumi inakupita tu sikioni. Wenzako wa 2011 walikaa nayo kuanzia Juni mpaka Aprili, kama miezi 9 na ushee, mwanamke anabeba mimba na kujifungua. Kwa mtu wa mfululizo hii ni tamthilia moja ya episodi 26, na kama ni 26 basi fainali ya kwanza iko katikati, na pale katikati inafaa kabisa, hata mi nasema inafaa.

Ukitaka kujua walichosikia wao, angalia zile 13 afu kaa miezi 9. Hakuna atakayefanya.

Sizoni ya 3 na 4 zinahusu nini, na kesi inaisha?

Ya 3 ni kesi mpya, watoto wa mitaani wa Seattle na mtu anayesubiri kunyongwa (Peter Sarsgaard, sitasema zaidi, andaa kitambaa). Na muuaji anajulikana sizoni ile ile. Walijifunza. Ya 4 ni fupi, ni ya kufunga mahesabu.

Mama yangu anapenda tamthilia za Kituruki, ataiweza hii?

Ataiweza kuliko wewe. Mtu aliyezoea kuangalia watu wawili wanatazamana dakika 3 na kinanda kinalia, episodi saa 2, hawezi kushindwa na mvua ya Seattle. Mama yangu aliimaliza na neno lake pekee lilikuwa kwamba yule Linden hali. Ni kweli, hali.

Unaweza kunitumia?

Ninayo kwenye flash, lakini sizoni ya kwanza peke yake simpi mtu tena. Nakupa ya 1 na ya 2 pamoja au hupati. Jamaa wa maktaba ya muvi aliyeniuzia mimi aliniwekea ya kwanza tu, na nilipomrudia asubuhi macho mekundu kuuliza iliyobaki iko wapi, akacheka akasema, "nyingine njoo kesho."